Sentensi ya Tima

Nimesahihisha madaftari thelathini na moja
mezani kwangu, Kibokoni, feni ikinirudishia joto lile lile.
Zoezi lenyewe dogo:
Tumia neno UKAME katika sentensi.

Wameandika la kwenye taarifa ya habari.
Ng'ombe wamekonda, kule.
Ardhi imepasuka, kule.
Serikali inagawa mahindi, kule.
Vema, nikaandika, vema, vema,
hadi daftari la Tima Bwanakheri
ambaye mwandiko wake hupanda mlima bila sababu:
"Ukame uliingia kwetu Ijumaa,
mama akauambia ngoja kwanza niazime mtungi."

Nikaikata. Wino mwekundu.
Pembeni nikaongeza, kwa adabu ya kazi:
Ukame ni wa nchi. Ni mvua kukosa mwaka, miaka.
Nyumbani tunasema maji yamekatika.
Mombasa ni kisiwa, Tima.

Kisha nikainuka nikatie udhu.

Mfereji ulikohoa mara mbili,
ukatema kutu, kijiko kimoja cha chai,
ukashusha pumzi.
Bibi yangu akiyaita maji ya pepo,
ya kunywa, ya kuoshea nywele, si yale ya kisima
yanayokataa sabuni.
Basi usiku huu maji yamekwenda zake,
pepo zimebaki zenyewe bombani, zinapiga mluzi.

Nikatayamamu ukutani,
kwa vumbi la matumbawe,
mawe yaliyolala baharini kabla hatujayajengea vyumba.

Lugha nayo ina mzaha wake.
Kata ni kifuu chenye mpini, cha kuchotea.
Ukikata kiu, umeshiba;
yakikatika maji, kata inaning'inia msumarini, kavu,
na ukata ni kuhesabu sarafu gizani
zisifike bei ya mtungi mmoja.
Nikafungua kamusi, mchwa wameila mpaka herufi J,
K imesalimika.
Kame: isiyoota kitu.
Juu yake tu, kama: minya chuchu mpaka maziwa yatoke.
Sidai ni ndugu. Majirani wa kamusi hawajuani.
Lakini nimewaona mama zetu alfajiri
wakiukama mfereji kwa vidole viwili,
polepole, wakiubembeleza kama mbuzi mwenye homa.

Saa nne, mkokoteni wa Kazungu ukagonga mawe ya uchochoro.
Mitungi ya njano, iliyokuwa ya mafuta ya kupikia.
Bi Nargisi wa ghorofa ya tatu akateremsha ndoo kwa kamba,
noti ndani yake, imefungwa na kibanio cha nguo.
Nikashuka na ndoo yangu.
Kazungu ni mtu wa Ganze.
Nikamwuliza, kimwalimumwalimu, huko kwenu
ukame mnauitaje?

Akamimina kwanza. Hakumwaga hata tone.
"Tulikuwa tukisema jua.
Jua limekaa.
Hilo neno lako lilikuja na lori la mahindi.
Alishuka kijana na karatasi, akatuuliza:
mna ukame tangu lini?
Mzee wangu akajibu, sisi tuna mbuzi wawili."

Akacheka. Mimi sikuweza.
Akaupindisha mkokoteni kuelekea Kuze,
gurudumu moja likilia.

Nimekaa tena mezani.
Kule, kule, kule, madaftari thelathini ya kule,
na moja la hapa.
Nikalamba kidole nifute ule mkwaju mwekundu,
ulimi ukagoma;
wino ukatawanyika kidogo tu, kama uwekundu wa jicho.
Basi umebaki.
Juu yake nimeandika Sahihi,
na chini, mahali pa kuweka alama:
Mama aliupata huo mtungi?